Kengele ya Kamera Getini: Kweli au Si Kweli?

Kinanira, kusini mwa Bujumbura, nyumba nyingi ziko ndani ya ukuta na geti liko mbali na sebule. Kengele ya kamera inafaa sana hapo: mgeni akibonyeza, sura yake inatokea kwenye simu ya mwenye nyumba, awe chumbani, kazini mjini au safarini Brussels. Lakini lalamiko halikosekani: "Nimeivutia waya, mbona betri bado inakwisha?" Majibu ya mitaani ni mengi. Mengine ni sahihi, mengine yanaunguza vifaa. Tuyapime moja moja.

"Ikishavutiwa waya, betri haiishi."
SI KWELI. Kengele hizi ni za namna mbili. Baadhi huendeshwa na umeme wa waya peke yake. Nyingine, kama zile za Ring zenye betri ya kuchomoa, huendelea kutumia betri hata zikiunganishwa. Waya kazi yake ni kuitia chaji kidogo kidogo. Geti likitazama barabara yenye wapita njia wengi, kamera inaamka kila mara na matumizi yanazidi kinachoingia. Wi-Fi dhaifu nayo inaongeza mzigo, kwa kuwa kengele inahangaika kutafuta mawasiliano. Chomoa betri, ichaji ndani ijae, irudishe. Kisha punguza eneo la kuhisi mwendo ili barabara isihesabiwe, na fupisha muda wa video.

"Transfoma yoyote ya kengele inatosha."
SI KWELI, na hapa ndipo penye matatizo mengi. Transfoma nyingi za kengele za zamani hutoa volti 8 na ampea 1. Kengele ya Ring yenye betri inapokea kuanzia volti 8 hadi 24, kwa hiyo itachaji, ila polepole. Ring Video Doorbell Pro au Nest Doorbell ya waya inahitaji volti 16 hadi 24. Kwa volti 8 haitafanya kazi inavyopasa.

Hatari kubwa zaidi ni transfoma iliyokuja kwenye sanduku la ndugu kutoka Marekani. Imetengenezwa kwa volti 120. Umeme wa Regideso, shirika la umeme la Burundi, ni volti 220. Ukiiunganisha itapata moto na kuungua, na inaweza kuanzisha moto ukutani. Kengele yenyewe inaweza kutumika; transfoma nunua inayopokea volti 220 hadi 240.

Umbali nao una gharama. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5, ukivutwa mita 30 hadi getini, unapoteza zaidi ya volti moja kamera inapofanya kazi. Namna ya kujua ni kupima. Ishushe kengele kwenye bamba lake bila kufungua nyaya, weka multimita kwenye volti za mkondo geu, gusa skrubu mbili za nyuma, kisha fungua picha ya moja kwa moja kwenye simu. Ukiona 16 kamera ikiwa imetulia, halafu 11 picha ikifunguka, transfoma ni dhaifu, waya ni mwembamba au kiungo kimelegea. Betri haina kosa.

"Bila kengele ya ndani, unganisha moja kwa moja na transfoma."
INATEGEMEA. Baadhi zimeundwa kwa njia hiyo. Nyingine, kama Ring Video Doorbell 2, zinahitaji rezista ya omu 25 yenye uwezo wa wati 50 katikati. Ukiiacha, kengele inaweza kuharibika. Soma kijitabu cha kifaa chako kabla fundi hajakaza skrubu.

"Umeme ukikatika, yenye betri inaendelea kulinda."
NUSU YAKE NI KWELI. Kengele inabaki hai, lakini ruta ya intaneti imezimika, kwa hiyo arifa haifiki kwenye simu. Ruta nyingi hutumia volti 12; ipatie ruta yako betri ndogo ya akiba. Kengele isiyo na betri ya kuiendesha huzimika papo hapo.

"Betri iachwe iishe kabisa ndipo ichajiwe."
SI KWELI. Ushauri huo ulifaa betri za zamani za nikeli na kadimiamu. Betri za kengele hizi ni za lithiamu, na kuzimaliza kabisa mara kwa mara kunazichosha. Ikifika asilimia 20 au 30, ichaji.

"Jua linaidhuru betri."
KWELI. Betri za lithiamu kwa kawaida huchajiwa kati ya nyuzijoto 0 na 45. Geti linalotazama Ziwa Tanganyika linapigwa na jua la alasiri, na kifaa cheusi juu ya chuma kinapata joto kuliko hewa. Kijengee paa dogo, au kihamishie kwenye nguzo yenye kivuli.

Kwa hiyo, kabla hujanunua betri mpya, soma lebo ya transfoma, pima volti kamera ikifanya kazi, kisha kagua Wi-Fi ya getini. Upande wa volti 220 zima swichi kuu na mwachie fundi umeme. Betri mpya kwenye waya mbovu itaisha kama ile ya kwanza.