Udahili wa papo kwa papo

Udahili wa papo kwa papo ni utaratibu ambao mwombaji wa chuo hufika chuoni, au kwenye banda la chuo katika maonesho, akiwa na vyeti vyake. Hukutana na maofisa wa udahili ana kwa ana na kuambiwa siku hiyohiyo kama anafaa kupokewa. Mara nyingi mkutano huo huambatana na usaili mfupi.

Nchini Tanzania utaratibu huu huonekana hasa kwenye maonesho ya vyuo vikuu na katika ofisi za udahili wakati wa dirisha la maombi. Hata hivyo jibu la siku hiyo si la mwisho, kwa sababu majina ya wanaochaguliwa hupitia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Makala hii inaeleza utaratibu huo kwa jumla, na hasa hali yake kisiwani Unguja, Zanzibar.

## Utaratibu katika nchi nyingine

Nchini Marekani baadhi ya vyuo hutenga siku maalumu ya usaili na uamuzi wa haraka. Mwanafunzi hualikwa chuoni akiwa na rekodi ya matokeo yake, huzungumza na ofisa wa udahili, na hurudi nyumbani akiwa na jibu. Hilo huwezekana kwa sababu kila chuo hujiamulia nani kimpokee, na hakuna mamlaka ya taifa inayothibitisha majina.

Nchini Uingereza maombi ya shahada ya kwanza hupitia shirika moja, UCAS. Matokeo ya mtihani wa mwisho wa sekondari yanapotoka mwezi Agosti, wanafunzi waliokosa nafasi walizotarajia hupiga simu kwenye vyuo vyenye nafasi wazi na wanaweza kupewa ahadi kwa njia ya simu. Pamoja na haraka hiyo, nafasi haihesabiki kuwa imepatikana mpaka iingizwe na kuthibitishwa katika mfumo wa UCAS.

## Historia nchini Tanzania

Kabla ya mwaka 2010 mwombaji alituma fomu yake katika kila chuo alichokitaka na kulipa ada ya maombi kila mahali. Chuo kimoja hakikujua chuo kingine kimemchukua nani. Kwa hiyo mtu mmoja aliweza kushikilia nafasi tatu, na mwingine mwenye sifa akakosa hata moja.

Mwaka 2010 TCU ilianzisha mfumo wa pamoja wa udahili, uliojulikana kwa kifupi kama CAS. Mwombaji alijisajili mara moja, akataja programu alizozipenda kwa mpangilio, na kompyuta ikawapanga waombaji kulingana na ufaulu na nafasi zilizopo. Tatizo la nafasi kushikiliwa na mtu mmoja lilipungua, lakini chuo na mwombaji hawakuonana tena kabla ya masomo kuanza. Wapo waliojikuta katika programu waliyoiweka mwisho kwenye orodha yao.

Mwaka 2017 mfumo huo uliondolewa na maombi yakarudi kwa vyuo vyenyewe. Tangu hapo mwombaji hutuma maombi moja kwa moja chuoni, kwa kawaida kupitia tovuti ya chuo. TCU imebaki na kazi ya kuweka sifa za chini, kupanga kalenda ya udahili na kuhakiki majina yanayopelekwa na vyuo. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyoupa nafasi udahili wa papo kwa papo, kwa kuwa ofisa wa chuo anaweza tena kukaa na mwombaji, kutazama vyeti vyake na kumwambia anasimama wapi.

Mahali panapojulikana zaidi kwa shughuli hiyo ni maonesho ya vyuo vikuu yanayoandaliwa na TCU katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam (visichanganywe na Mnazi Mmoja ya Unguja). Kwenye mabanda yao, vyuo hueleza programu zao na kuwasaidia waombaji kujaza maombi hapohapo.

## Kwa nini jibu la chuo si la mwisho

Elimu ya msingi na sekondari visiwani iko chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kupitia Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali. Elimu ya juu ni tofauti. Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaitaja kuwa jambo la Muungano, pamoja na shughuli za Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Ndiyo maana mwanafunzi wa skuli ya Unguja hufanya mtihani wa kidato cha sita uleule unaofanywa Mwanza au Mbeya, na chuo kikuu kilichopo Tunguu husimamiwa na TCU, iliyoanza kazi mwaka 2005 chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu.

Baada ya dirisha la maombi kufungwa, chuo hupanga orodha ya kiliowachagua na kuipeleka TCU. Tume huangalia mambo mawili makubwa: kama kila mmoja ana sifa za programu aliyochaguliwa, na kama jina lake limejitokeza pia katika chuo kingine. Aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja tu, kwa kutumia namba maalumu ya siri anayotumiwa kwa ujumbe wa simu au barua pepe. Asipothibitisha ndani ya muda uliowekwa anaweza kupoteza nafasi aliyodhani ameshaipata.

Kwa hiyo neno "umekubaliwa" linalosemwa mezani lina maana ya "una sifa, na chuo kinakusudia kukuchukua". Mwombaji anayeridhika na neno hilo, akabadilisha namba ya simu au akaacha kufuatilia ujumbe wake, huweza kukuta mwezi Oktoba jina lake halimo.

## Sifa za chini

Ofisa wa udahili anaweza kutoa jibu la haraka kwa sababu sifa zimeandikwa na hesabu yake ni fupi. Kwa mwenye matokeo ya kidato cha sita ya mwaka 2016 na kuendelea, madaraja huhesabiwa hivi:

* A – alama 5
* B – alama 4
* C – alama 3
* D – alama 2
* E – alama 1

Kiwango cha chini kwa jumla ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yanayohusiana na programu inayoombwa, yenye jumla isiyopungua alama 4. Mwenye D mbili ana alama 4 na amefika mlangoni. Mwenye C na E pia ana 4. Mwenye D na E ana 3, na hakuna usaili unaoweza kuiongeza moja iliyopungua. Programu nyingi, hasa za afya na uhandisi, hudai zaidi ya kiwango hicho na hutaja masomo yanayohitajika.

Mwenye stashahada huangaliwa kwa wastani wa alama zake, ambao kwa kawaida haupaswi kuwa chini ya 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo yasiyopungua manne ya kidato cha nne.

Waliosoma nje ya nchi, wakiwemo vijana wa familia za Kizanzibari waliokulia Oman na nchi nyingine za Ghuba, hupaswa kwanza kupata ulinganisho wa vyeti vyao. Vyeti vya sekondari hulinganishwa na NECTA, stashahada na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), na shahada na TCU. Mtu wa aina hii hawezi kupata jibu la siku moja kama hajafanya kazi hiyo mapema.

## Vyuo vikuu vya Unguja

Vyuo vya kisiwani viko karibu kiasi kwamba mwombaji anayekaa Mji Mkongwe anaweza kutembelea viwili kwa siku moja kwa daladala.

* Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kilianzishwa kwa sheria ya Baraza la Wawakilishi ya mwaka 1999. Kampasi kuu iko Tunguu. Kampasi ya Vuga, ukingoni mwa Mji Mkongwe, ilikuwa makao ya Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni. Mwaka 2016 vyuo kadhaa vya serikali viliunganishwa nacho, vikiwemo cha afya cha Mbweni, cha utalii cha Maruhubi na cha uongozi wa fedha cha Chwaka.
* Chuo Kikuu cha Zanzibar (ZU) ni chuo binafsi kilichoanzishwa mwaka 1998, nacho kiko Tunguu.
* Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait (SUMAIT) kiko Chukwani. Kilianza mwaka 1998 kama chuo cha elimu na baadaye kikapewa jina la mwanzilishi wake, daktari wa Kuwait aliyefariki mwaka 2013.
* Kampasi ya IIT Madras Zanzibar ilianza masomo mwaka 2023 huko Bweleo, baada ya mkataba uliosainiwa tarehe 5 Julai 2023. Ni kampasi ya kwanza ya taasisi za teknolojia za IIT nje ya India.

## Usaili

Katika shahada nyingi za kwanza nchini Tanzania usaili si sharti, na uamuzi hufuata matokeo. Kisiwani Unguja mfano ulio wazi wa usaili kuwa sehemu ya uteuzi ni IIT Madras Zanzibar, ambako waombaji hufanya mtihani wa mchujo na wanaofaulu huitwa kwenye usaili. Usaili hutumika pia katika vyuo mbalimbali kwa baadhi ya waombaji wa shahada za juu, ambao hutakiwa kueleza utafiti wanaokusudia kuufanya.

Pale ambapo usaili upo, maswali huzunguka mambo machache: kwa nini mwombaji amechagua programu hiyo, anaelewa nini kuhusu masomo yake, anafikirije akipewa tatizo dogo la kutatua, na atagharamiaje masomo. Anayeomba sayansi ya data anaweza kutakiwa aeleze hatua za hesabu badala ya jibu lake tu.

Lugha ni jambo zito katika mazungumzo hayo. Vyuo hufundisha zaidi kwa Kiingereza, na usaili wa kuingia huweza kufanywa kwa lugha hiyo. Mwanafunzi anayelijua somo lakini hajazoea kulizungumza kwa Kiingereza huweza kuonekana dhaifu kuliko alivyo. Hii ndiyo hoja kubwa ya wanaotaka usaili usibebe uzito wote: karatasi ya mtihani haisikii lafudhi, wala haijui mwombaji ametoka Vuga au Makunduchi.

## Nyaraka

Mwombaji anayetaka jibu la haraka huhitaji kuwa na:

* namba za mtihani za kidato cha nne na cha sita, ambazo chuo hutumia kuvuta matokeo kutoka NECTA
* vyeti au hati za matokeo, halisi na nakala
* cheti cha kuzaliwa
* kitambulisho
* namba ya simu na barua pepe anazozitumia mwenyewe

Kikwazo cha kawaida ni majina kutofautiana. Cheti cha kuzaliwa kinasema Abdulla, cheti cha mtihani kinasema Abdalla. Au jina la babu limo hapa na pale halimo. Tofauti ya herufi moja huweza kusimamisha maombi mpaka iletwe hati ya kisheria inayothibitisha kuwa ni mtu mmoja. Ni rahisi zaidi kurekebisha kabla ya mwezi Julai, ambapo matokeo ya kidato cha sita hutoka kwa kawaida na ofisi hujaa watu.

## Udahili na mkopo

Kukubaliwa chuoni hakumaanishi kupata mkopo. Mkopo huombwa peke yake na una tarehe zake. Wazanzibari huweza kuomba katika Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoanza kazi mwaka 2005, au katika Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Kwa maombi ya HESLB, cheti cha kuzaliwa kilichotolewa Zanzibar huhakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, kama vile cha Bara kinavyohakikiwa na RITA. Mwombaji anayesubiri jibu la chuo ndipo aanze kutafuta uhakiki huo huweza kukuta dirisha la mkopo limefungwa.

## Faida na hasara

Faida ya kwanza ni kuondoa kubahatisha. Mwenye alama 3 hujulishwa mapema kwamba njia yake ni cheti au stashahada, badala ya kulipa ada ya maombi katika vyuo vinne bure. Faida ya pili ni ushauri: ofisa huweza kumwonesha mwombaji programu inayolingana na tahasusi yake ambayo hakuijua. Kwa familia inayotoka Pemba, ambayo lazima ivuke kwa boti na kutafuta pa kulala mjini, kumaliza shida zote kwa safari moja ni nafuu kubwa.

Hasara ni kwamba haraka huweza kumfunga mwombaji. Mtu aliyepewa jibu zuri katika banda la kwanza huacha kuuliza katika la pili. Wazazi huweza kuanza kulipa kabla majina hayajatangazwa. Watu wanaojidai kuwa mawakala nao hutumia msimu huo kuuza "nafasi" ambazo hawana. Kinga iliyopo ni kulipa kupitia namba ya malipo iliyotolewa na chuo chenyewe, na kuendelea kuangalia akaunti ya maombi mpaka hadhi yake isomeke kuwa udahili umethibitishwa.

## Tazama pia

* Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania
* Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar
* Baraza la Mitihani la Tanzania
* Elimu nchini Tanzania