Mficha Uchi Hazai

Alasiri moja nilivuka feri kwenda Likoni kumjulia hali dada yangu. Baada ya salamu na kahawa, akanitolea chupa ndogo ya mafuta ya habasoda.

“Kaka, wewe ni mtu wa kusoma,” akasema. “Mpwa wako anywa haya kijiko kila asubuhi, huu mwezi wa sita. Hedhi humpotea miezi mitatu, ndevu zamwota kidevuni, na huko ukweni washaanza kumwita tasa. Yatamfaa?”

Swali hilo si la nyumba moja. Toka Likoni hata Kisauni na Changamwe, mafuta ya habasoda, ya ufuta na ya nazi ndiyo kimbilio la kwanza la wanawake wetu. Ndugu msomaji, mimi nimelelewa chuoni, na Hadithi ya Mtume (S.A.W.) juu ya habasoda naiamini. Lakini Mtume huyo huyo ndiye aliyetuhimiza tutafute matibabu.

Dalili alizozitaja dada zafanana na za ugonjwa uliokwisha kujulikana. Mwaka 1935 madaktari Stein na Leventhal wa Chicago, Marekani, waliandika habari za wanawake saba wenye ovari zilizojaa vifuko vidogo. Ndani ya vifuko hivyo mna mayai yasiyopevuka, kwa kuwa homoni za kiume zimezidi mwilini, na mara nyingi insulini haifanyi kazi yake sawasawa. Shirika la Afya Duniani lakisia kuwa katika kila wanawake 100 wa umri wa kuzaa, 10 hata 13 wanao ugonjwa huu, na wengi wao hawajijui.

Je, mafuta? Habasoda imejaribiwa sana kwa panya, ikaonyesha dalili njema. Kwa wanadamu majaribio ni machache na madogo. Huko Iran, katika utafiti uliochapishwa 2018, wanawake 60 waligawanywa, baadhi wakapewa mafuta ya kitani kwa wiki 12. Insulini yao ilishuka na vinyweleo vikapungua, lakini homoni hazikubadilika. Basi mafuta ni msaidizi, si tabibu.

Na kungoja kuna hatari yake. Hedhi ikikosekana miezi na miezi, utando wa tumbo la uzazi hunenepa, na ukiachwa hivyo miaka huweza kuleta saratani. Kisukari nacho hunyemelea. Hospitali zina dawa: letrozoli ya kupevusha mayai, na metformini ya kuisaidia insulini. Aliyenenepa akipunguza hata kilo tano katika mia, hedhi yaweza kurudi. Hapo mahamri na viazi karai vyetu navyo vina kesi ya kujibu.

Nikamwambia dada: “Chupa usiitupe. Mwende nayo kwa daktari aione, kwa sababu habasoda yaweza kushusha sukari, na ikikutana na dawa ya sukari ni lazima ajue. Na mumewe naye apimwe. Kutozaa si la mke peke yake.”

Dada akainamisha uso. “Mtoto aona haya kusema habari za hedhi mbele ya daktari.”

“Wazee walisema mficha uchi hazai,” nikamjibu.

Akanyamaza kitambo, kisha akaifunga ile chupa katika pindo la leso. “Kesho alfajiri,” akasema, “tutavuka feri pamoja naye.”