Mahindi Yamekula Nini?

Mpwa wangu, umeniuliza swali zuri sana: "Mjomba, mbona mahindi yetu ni ya njano, na mbolea tumeweka?" Swali kama hilo huulizwa na mtu mwenye macho. Njoo tuliulize shamba lenyewe, hapa Kongwa.

Shamba likasema: "Udongo wangu ni wa kichanga. Msimu wangu wa mvua ni mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Juzi mlinipandia mahindi. Jana mahindi. Leo mahindi. Kila mwaka mahindi yakala, magunia yakaondoka. Hata mabua yakamalizwa na ng'ombe."

"Kwani mahindi hula nini, mjomba?"

Hula naitrojeni, inayotia majani kijani. Hula fosforasi, inayokuza mizizi. Hula potasiamu, salfa, zinki na vingine. Mahindi yakala, magunia yakaondoka.

"Lakini baba huweka yurea!"

Umeona vema. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Fosforasi hamna. Potasiamu hamna. Shamba letu ni kama chungu cha mboga kinachopakuliwa kila siku, kisha kinaongezwa chumvi tu.

Shamba likadakia: "Tena mnaimwaga juu, jua linawaka, nyingine inapaa hewani! Ifukieni nikiwa na unyevu. Na mkinipa yurea au SA (salfeti ya amonia) peke yake miaka nenda miaka rudi, nashikwa na tindikali. Mizizi inadumaa."

"Basi tuache mbolea ya dukani?"

Hapana, mwanangu. Tukiiacha, njaa itabisha hodi. Tuichanganye na samadi. Huku kwetu Ugogo ni nchi ya ng'ombe, lakini samadi inarundikana zizini mpaka mvua inaisomba korongoni. Jambo hilo linaniuma. Samadi iliyooza hushika maji kwenye kichanga, hulisha vijidudu na hupunguza tindikali. Pale Nala, Dodoma, kipo kiwanda kinachotengeneza mbolea ya samadi na madini pamoja. Na fosforasi tunayo wenyewe: mwamba wa Minjingu, karibu na Ziwa Manyara.

"Mwamba huo umetoka wapi?"

Umetokana na kinyesi na mabaki ya ndege wa ziwani, zamani za kale. Ndiyo, kinyesi cha ndege! Mwamba huo huyeyuka vizuri zaidi penye tindikali, kwa hiyo bwana shamba apime udongo kwanza.

"Na mbaazi bibi anazopanda katikati ya mahindi?"

Hapo umenifurahisha kweli. Mahindi yakivunwa, mbaazi hubaki shambani, zikinywa unyevu wa chini. Majani yake hudondoka na kuoza, yakiulisha udongo. Mizizini mwake wamo bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani. Mwombe bibi akuruhusu kung'oa mche mmoja mvua zikiwa bado zipo, taratibu, kwa jembe. Utaona vinundu vidogo kwenye mizizi. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, bakteria wake wako kazini.