Wiski, na Namba Iliyoandikwa kwenye Chupa

(Mazungumzo ya redio, yaliyopigwa chapa kwa ajili ya madarasa ya watu wazima)

Leo tutasoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya wiski. Ina maandishi mengi, pengine na picha ya kulungu. Picha tuiache. Itafuteni namba yenye alama ya asilimia. Mara nyingi ni 40. Lakini kabla ya kuisoma, tujue kwanza kilichomo kimetoka wapi.

Wiski ilianza huko Ireland na Scotland. Jina lake limetoka katika lugha ya zamani ya watu wa huko, na maana yake ni maji ya uzima. Katika hesabu za mfalme wa Scotland za mwaka 1494 imeandikwa kwamba mtawa mmoja, John Cor, alipewa kimea ili atengeneze maji hayo.

Kimea! Neno hili wapishi wa pombe ya mtama wanalijua sana. Huko Scotland hutumia shayiri. Huilowesha, huitandaza mpaka ichipue, kisha huikausha. Mahali pengine huikausha kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi unaowaka kama kuni, na harufu ya moshi hubaki mpaka ndani ya glasi. Kimea husagwa na kutiwa maji ya moto, yakapatikana maji matamu kama togwa iliyochujwa. Hutiwa hamira, nayo yakaumuka kwa siku mbili tatu. Mpaka hapo ni namna ya bia tu.

Sasa moto unaingia. Maji huchemka kwenye digrii 100, lakini kileo huchemka kwenye digrii 78. Basi ukiipasha moto pombe hiyo katika chungu kikubwa cha shaba, mvuke wa kileo hutangulia. Mvuke hupita katika bomba, hupozwa, hudondoka kuwa maji makali. Scotland kwa kawaida hufanya hivyo mara mbili, Ireland mara nyingi ni tatu. Yale yanayotoka mwanzo na yale ya mwisho hayatiwi pipani. Hutengwa na kurudishwa motoni. Ya katikati ndiyo yanayochukuliwa.

Maji hayo ni meupe kabisa. Rangi huja baadaye, kutoka katika mapipa ya mti wa mwaloni, ambamo sheria ya Scotland inataka yakae si chini ya miaka 3. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu kuongeza rangi ya sukari iliyounguzwa, kwa hiyo msidanganywe na weusi wa wiski. Ikiandikwa miaka 12, maana yake hata iliyo changa kuliko zote ndani ya chupa ina miaka 12.

Zamani wengi waliitengeneza kwa magendo, wakiukimbia ushuru. Mwaka 1823 sheria ilipunguza ushuru huo, na mwaka 1824 George Smith wa Glenlivet akachukua leseni. Majirani zake wa magendo walikasirika, wakatishia kuuchoma mtambo wake. Ikambidi atembee na bastola mbili! Na mtambo mpya ulioanza kutumika miaka ya 1830, wa kutoa kileo kwa wingi bila kusimama, ulibuniwa na Aeneas Coffey, aliyekuwa zamani ofisa wa ushuru. Mlinzi wa ushuru akawa fundi wa kileo.

Mtambo huo ulileta wiski ya nafaka nyingine, nayo ikachanganywa na ya kimea. Wiski nyingi ya Scotland inayouzwa duniani ni mchanganyiko huo. Wamarekani wana yao iitwayo bourbon: mahindi si chini ya asilimia 51, na pipa jipya lililounguzwa ndani.

Turudi kwenye namba yetu. 40 maana yake, katika kila mililita 100, mililita 40 ni kileo kitupu. Bia ya asilimia 5, chupa ya mililita 500, ina kileo mililita 25. Wiski ya mililita 750 ina mililita 300. Gawanyeni: ni bia 12. Anayeinywa wiski kwa mafunda ya bia hajui anachokunywa.

Na chupa isiyo na karatasi, au yenye kizibo kilichokwisha funguliwa? Iacheni. Mwezi wa Novemba 2000, huko Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe ya magendo iliyotiwa methanoli, kileo cha viwandani. Ulimi hauwezi kuitambua. Mtu aliyekunywa kisha akaona ukungu machoni apelekwe hospitali saa ileile, asiachwe alale.

Hesabu ya darasa: kichupa cha mililita 250, chenye namba 40, ni sawa na bia ngapi?