PADRI MWAFRIKA KWENYE BAMBA LA SHABA

Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Je, mwanachama mwenzangu, wajua kwamba zaidi ya miaka 300 iliyopita sura ya padri Mwafrika ilichapwa katika kitabu kule Ujerumani? Hebu nikueleze.

Wakati sanaa ya Baroko ilipostawi Ulaya, katika karne ya 17, kamera hazikuwako. Askofu au padri mwenye sifa alichongwa. Fundi alichukua bamba la shaba nyekundu, akachimba mistari kwa kalamu ya chuma, tena kinyume, kama sura kiooni. Halafu alipaka wino na kupangusa bamba, wino ukabaki ndani ya mistari tu. Karatasi yenye unyevu iligandamizwa juu yake kwa mtambo, ikaunyonya wino ule. Si kama chapa ya kiazi tuliyopiga shule ya msingi, ambayo hushika rangi juu. Bamba moja lilitoa mamia ya nakala. Huko Ufaransa, Robert Nanteuil alimchonga Kadinali Mazarin mara nyingi, na sura yake ikaenea.

Basi, padri wetu ni Abba Gorgoryos wa Ethiopia. Mwaka 1649 alikutana mjini Roma na kijana Mjerumani, Hiob Ludolf, akamfundisha Kiamhara. Mwaka 1652 alialikwa Gotha, na huko akamweleza Ludolf historia na desturi za kwao. Alikufa maji mwaka 1658, akiwa safarini kurudi nyumbani. Ludolf hakumsahau: kitabu alichokitoa mwaka 1691 kina picha ya Gorgoryos. Naam, Mwafrika mwalimu, Mzungu mwanafunzi! Picha ile na jina lake ndio ushahidi.

Sasa tugeukie kwetu. Kuanzia Kitale hadi Bungoma, zipo nyumba zenye picha za mapadri, wachungaji na walimu wa zamani ambazo hazina jina. Mjukuu akiuliza, "Huyu ni nani?", hakuna ajuaye. Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974, yanatunza vitu vya wazee wetu. Lakini picha isiyo na jina ni kama barua isiyo na anwani.

Likizo hii, tumwulize babu, tumwulize kukhu. Tuandike nyuma ya picha, kwa penseli, jina, kazi na mwaka. Kalamu tunazo, wenzangu. Twasubiri nini?