Majilio: Isaya Kwanza, Injili Baadaye

Wengi wanaoandaa tafakari za kila siku huanza na Injili. Huieleza kwa kirefu, kisha muda ukibaki hulipa somo la kwanza sentensi moja. Katika siku nyingi za juma mazoea hayo hayaleti hasara kubwa, kwa sababu katika kipindi cha kawaida cha mwaka masomo hayo mawili hufuata kila moja njia yake, na yakikutana ni kwa bahati. Majilio hayaendi hivyo. Kitabu cha Masomo kilichotolewa mwaka 1969, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kiligeuza utaratibu: kuanzia Jumatatu ya juma la kwanza hadi Jumatano ya juma la pili, Isaya husomwa kwa kufuata mfululizo wa kitabu chake, na Injili ya siku ilichaguliwa kwa kumwangalia yeye. Ukimruka nabii, umesikia jibu bila kusikia swali.

Chukua Jumatatu ya kwanza. Isaya anaona mataifa yakipanda mlima wa Bwana na watu wakifua panga zao ziwe majembe. (Mwaka A maneno hayo husomwa Dominika, na Jumatatu hupewa sura ya nne.) Injili inamleta nani? Akida wa Kirumi, mwanajeshi wa dola inayoitawala nchi kwa mabavu, anayekuja kumwombea mtumishi wake. Hatuambiwi kama aliweka upanga chini, ila mataifa yameanza kupanda mlima, na wa kwanza kufika ni askari. Tafakari inayohubiri tu juu ya imani ya akida si ya uongo, lakini imepoteza nusu ya habari. Na kwa msikilizaji wa Nzahaha, wilayani Rusizi nchini Rwanda, nusu hiyo ndiyo inayomgusa: upande wa pili wa mto Rusizi ni Kivu ya Kusini, na habari za bunduki kutoka huko si mambo ya vitabuni.

Nzahaha iko katika Jimbo Katoliki la Cyangugu, lililozaliwa Novemba 1981. Katika vigango vya mashambani padre haonekani kila siku, hivyo mara nyingi anayeongoza sala na kufafanua Neno ni katekista, au mkuu wa jumuiya ndogondogo. Mtu huyo akitegemea vitabu vya tafakari vilivyoandikwa Ulaya, atakuta kurasa nyingi juu ya usiku mrefu, baridi na mshumaa gizani. Ni picha nzuri kwa wenyewe. Nzahaha haifiki hata digrii tatu kusini mwa Ikweta, na jua la Desemba linazama karibu saa ileile linapozama Juni. Kinachotawala hapa wakati wa Majilio ni mvua ya umuhindo, ile inayoanza Septemba na kubeba msimu wa kwanza wa kilimo.

Ndiyo maana Jumamosi ya juma la kwanza ningeipa uzito kuliko siku nyingine zote za kipindi hiki. Somo ni Isaya sura ya 30: Mungu anaahidi mvua kwa mbegu iliyopandwa, malisho mapana kwa mifugo, vijito juu ya kila kilima. Mkulima wa maharagwe hahitaji kufafanuliwa hilo. Injili ya siku hiyo inasema mavuno ni mengi, watenda kazi wachache, na wahubiri huikimbilia kuombea miito ya upadre. Sawa, lakini mavuno hayo yametoka wapi? Yametoka kwenye mvua ya Isaya.

Tena kuna aya ya 25. Waliopanga masomo waliiruka aya ya 22, inayohusu sanamu, lakini hii waliibakiza: vijito vitatiririka siku ya mauaji makubwa, minara itakapoanguka. Mtu wa Rusizi akiisikia anakumbuka Mibilizi, misheni iliyofunguliwa mwaka 1903, ambako Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, waliokimbilia parokiani waliuawa. Sioni sababu ya kuipita mbio, wala sioni kama inafaa kuielezea sana. Isomwe taratibu, kisha msomaji anyamaze kidogo kabla ya kuendelea, kwa kuwa aya inayofuata inamwonyesha Bwana akifunga jeraha la watu wake. Hapo Injili inaitikia kwa mara ya pili: Kumi na Wawili wanatumwa kuponya.

Alhamisi ya juma la pili Yohane Mbatizaji anaingia, na mwelekeo unaanza kugeuka: baadhi ya masomo ya kwanza sasa huchaguliwa kwa ajili ya Injili. Kuanzia tarehe 17 Desemba mgeuko umekamilika. Injili zinatoka sura ya kwanza ya Mathayo na ya Luka, na Agano la Kale linaitwa kushuhudia: kuzaliwa kwa Samsoni kunawekwa kando ya Zakaria na Elisabeti tarehe 19, Hana na mwanawe Samweli kando ya utenzi wa Maria tarehe 22. Siku hizi nane, basi, anayeanza na Injili yuko sahihi kabisa.

Katekista anayepanga ratiba na aangalie kalenda mapema. Majilio hayana urefu mmoja: yanaweza kuwa siku 28, au 22 tu kama mwaka 2023, yalipoanza tarehe 3 Desemba na Dominika ya nne ikaangukia tarehe 24. Mwaka wa namna hiyo masomo ya asubuhi ya tarehe 24, pamoja na wimbo wa Zakaria, hayasomwi kwenye Misa. Dominika huchukua nafasi yake, na jioni ni mkesha wa Noeli.