Deraya Tupu: Udhanaishi katika Filamu za Samurai

Watu wengi hutazama filamu za samurai kwa ajili ya mapigano ya panga. Lakini katika miaka ya 1950 na 1960 waongozaji wa Japani waliutumia upanga kuuliza swali zito: mtu akivuliwa cheo, bwana na mila alizorithi, anabaki nani? Hilo ndilo swali la udhanaishi, falsafa ambayo wasomaji wa Kiswahili wameionja katika riwaya za Euphrase Kezilahabi, hasa Kichwamaji.

Hoja yake kuu, kama alivyoieleza Mfaransa Jean-Paul Sartre mwaka 1945, ni kwamba binadamu hazaliwi akiwa na maana iliyokwisha kuandikwa. Kwanza yupo, kisha hujiunda kwa matendo yake. Anayejificha nyuma ya cheo au desturi na kudai kwamba hakuwa na hiari anaidanganya nafsi yake.

Samurai, kwa mtazamo wa kwanza, ameamuliwa kila kitu: bwana wa kumtumikia, mavazi, hata namna ya kufa. Ndiyo maana waongozaji walimpenda ronini, samurai asiye na bwana. Katika Yojimbo ya Akira Kurosawa (1961), ronini akiulizwa jina lake anatazama shamba la miforosadi dirishani, kisha anajitungia jina palepale. Hana ukoo wa kumweleza. Atajulikana kwa atakachotenda.

Filamu iliyolichimba swali hili kwa kina zaidi ni Seppuku ya Masaki Kobayashi (1962), iliyojulikana ng'ambo kama Harakiri. Mwaka ni 1630, enzi ya mashoguni, yaani watawala wa kijeshi, wa ukoo wa Tokugawa. Vita vimekoma, koo kadhaa zimevunjwa, na askari wengi hawana riziki. Hanshiro Tsugumo, aliyeigizwa na Tatsuya Nakadai, anafika kwenye kasri la ukoo wa Iyi mjini Edo, Tokyo ya leo, akiomba mahali pa kujiua kwa heshima. Kabla yake kijana Motome alileta ombi hilohilo. Wakuu wa ukoo walipogundua kuwa panga zake ni za mianzi, walimlazimisha ajipasue tumbo kwa mwanzi huo. Hawakujua kwamba Motome ni mkwe wa Hanshiro, na kwamba aliuza panga za chuma kwa sababu ya umaskini na maradhi nyumbani kwake.

Kwa ukoo, Motome aliivunja heshima ya samurai. Kwa Kobayashi, yeye ndiye aliyechagua: aliweka uhai wa mke na mtoto juu ya alama ya cheo chake. Hanshiro naye, kabla ya kuwalaumu wengine, anajihukumu mwenyewe. Analia kwa uchungu kwamba upanga wake aliung'ang'ania, wala wazo la kuuuza halikumjia. Hapo ndipo uhuru wake unapoanza, kwa kukubali kwamba hata utiifu ulikuwa uamuzi wake.

Kisha anaufichua uongo wa ukoo. Amewakata vishungi vya nywele askari watatu waliomwonea Motome, fedheha ambayo kwa sheria yao hulipwa kwa kifo. Wao wamejifungia ndani wakisingizia ugonjwa. Katika pambano la mwisho Hanshiro anaibwaga chini deraya ya mababu inayotukuzwa na ukoo, nayo ndani ni tupu. Ukoo unaojivunia upanga unammaliza kwa bunduki, na kitabu cha kumbukumbu kinaandika kuwa askari wake waliokufa waliugua.

Kobayashi aliyajua haya kwa maisha yake. Alipoingizwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, alikataa kupandishwa cheo, akabaki askari wa kawaida. Jeshi lile lilidai utiifu kwa jina la maadili ya samurai, na kushindwa kwa 1945 kuliwaachia Wajapani deni la kujieleza ambalo hakuna mkuu ambaye angeweza kuwalipia. Filamu yake ilipata Tuzo Maalumu ya Majaji huko Cannes mwaka 1963.

Anayetaka kuufahamu udhanaishi bila kuanza na vitabu vigumu, na aanze na Seppuku. Itamfundisha kwamba desturi inaweza kumpa mtu jina, mavazi na kaburi, lakini haiwezi kubeba dhamana ya matendo yake.